Korongo Weupe wa Chepkemboi

Kanuni waliiweka wenyewe, bila kulazimishwa na mtu: anayenunua kitambaa kipya atakileta Jumamosi na kuweka kipande mezani, wenzake wagawane. Walikuwa wanawake watatu walioshona mablanketi ya viraka kwa kupenda tu, si kwa kuuza. Chepkemboi aliivunja kanuni hiyo Jumatano moja, mchana kweupe.

Alikuwa ametoka kazini, katika ofisi ya ushirika wa maziwa mjini Nakuru, akapitia duka la vitambaa la familia ya Tejal. Tejal, mmoja wa wale watatu, hakuwapo. Aliyekuwa kaunta ni shemeji yake, Nilesh. Kwenye rafu Chepkemboi aliona jora la buluu nzito yenye korongo weupe, limebaki kidogo sana.

"Nikatie yote," alisema.

"Huo ndio mwisho, mama. Hii haiji tena."

"Basi usimwambie Tejal. Nataka kuwashangaza."

Nilesh akacheka, akakata. Hapakuwa na la kumshangaza mtu yeyote. Chepkemboi aliwataka korongo wawe wake peke yake, na alisema uongo ili awapate.

Nyumbani kitambaa kilipitia njia ya vitambaa vyake vyote. Kililowekwa kwenye maji ya chumvi, kikaoshwa hadi wanga wa kiwandani ukaisha, kikaanikwa kivulini, kikapigwa pasi. Kisha kikaingia katika chumba kilichokuwa cha mwanawe Kibii, aliyehamia Naivasha kwa kazi. Kitanda cha kijana kilikuwa kimeondolewa. Mahali pake palikuwa na kabati lililojaa vitenge, pamba za maua na mashati ya mitumba yaliyofumuliwa, na chini ya dirisha masanduku ambayo hayakufungika tena.

"Kibii akija kulala," mumewe Kipruto alikuwa akisema, "tutamkunja tumweke kwa rafu."

Chepkemboi hakucheka. Korongo aliwaweka chini kabisa, chini ya shuka kuukuu.

Mvua za masika zilipoisha, alivuta kile kitambaa akakuta nusu tu. Alisimama nacho mkononi. Nani ameingia humu? Akamkumbuka Wangare, Mama Shiko, yule wa tatu kati yao, mkulima wa Kabazi. Siku moja alileta kabeji Chepkemboi akiwa kazini.

"Siku ile Mama Shiko alikaa?" alimuuliza Kipruto.

"Alikunywa chai."

"Wapi?"

"Chai hunywewa wapi, mama? Sebuleni."

"Na ulikuwa naye muda wote?"

"Nilitoka kidogo kushusha kabeji. Kwani nini?"

"Hakuna."

Hilo lilimtosha. Mtu asiye na la kuficha angepiga simu akauliza. Yeye hakuweza, maana ili aulize walikoenda korongo, angelazimika kwanza kukiri kwamba alikuwa nao. Basi akanyamaza, na shaka ikanenepa. Alianza kutega uzi kwenye mlango wa kabati kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Jumamosi aliketi akitazama mikono ya Wangare badala ya mshono wake mwenyewe. Wangare akimsifu, aliona anajipendekeza. Akinyamaza, aliona dhamiri inamsuta. Alikuwa amewaficha wenzake, na tangu hapo hakuona sababu ya wao kutomficha yeye.

Kisha Jumamosi moja, kwenye veranda ya Tejal, Wangare alitandaza blanketi alilokuwa akimshonea binti yake Shiko. Pembeni mwake, kwenye ukingo, walisimama korongo weupe.

"Hicho umetoa wapi?" Chepkemboi aliuliza.

"Gani?"

"Cha ndege. Usinizungushe, Mama Shiko."

Wangare akacheka. "Ai! Kwani umekuwa askari wa kaunti? Nilipewa na Tejal."

"Ni ile sampuli iliyokuwa inaning'inia mlangoni," Tejal akasema. "Jora liliisha, nikampa. Si ni kipande kidogo tu?"

"Mnafunikana. Hicho kimetoka kabatini kwangu, siku ulipoleta kabeji."

Wangare aliweka sindano chini. Kicheko kilikuwa kimemtoka.

"Kwa hivyo ulikuwa nacho," alisema polepole. "Ulikuwa nacho, na hukutuletea hata cha kufunika kidole."

"Hilo silo ninalouliza."

"Ndilo ninalouliza mimi. Lakini njoo. Shika hapa. Shika, nimesema!"

Chepkemboi alishika. Kitambaa kilikuwa kigumu, kinakwaruza kama karatasi. Wanga wa kiwandani ulikuwa bado umo wote.

"Wewe huosha kila kitu. Ungeweza, hata uzi ungeuanika," Wangare alisema. "Niambie, hiki kimewahi kuona maji?"

Chepkemboi aliachia kitambaa. Vidole vyake vilikuwa vimejibu. Alikusanya vitu vyake akaondoka, na hakuna aliyemsindikiza.

Alasiri hiyo hiyo alitoa blanketi alilolimaliza wakati wa mvua, akaligeuza mgongo. Mapande mapana ya buluu hafifu yalikuwa hapo, yameshonwa kwa mkono wake. Alikuwa amegeuza kitambaa ndani nje ili apate rangi ya asubuhi yenye ukungu, na upande huo korongo walionekana kama madoa ya moshi. Tangu hapo alilitazama upande wa juu tu, na yeye mwenyewe akasahau.

Alipiga simu.

"Nimekipata, Mama Shiko. Nilikishona mwenyewe."

"Sawa."

"Nisamehe. Na kile kipande ambacho sikuleta, nitakileta."

"Nimekusamehe, Mama Kibii, na ninasema kweli. Lakini Jumamosi sitakuja tena. Siwezi kushona nikiwa naangaliwa mikono."

Wangare alilishika neno lake. Tejal alijaribu kuendelea na Chepkemboi wawili tu, mazungumzo yakawa mazito, naye akarudi dukani kusaidia siku za Jumamosi. Chepkemboi bado ananunua vitambaa, anaviosha na kuvikunja.

Kitambaa kimoja kilimgharimu rafiki mwaminifu na meza ya Jumamosi. Hajapata meza nyingine.