Kifungu Kilichojifungia Mlango

Mama Nukta hakupewa jina hilo kwa kupendwa. Kwa miaka ishirini na mbili alikuwa msahihishaji wa Gazeti la Serikali, na tangazo lenye nukta mahali pa mkato alilirudisha kwa wapiga chapa limejaa wino mwekundu hadi linatia huruma. Walimwogopa, kisha wakamletea chai. Jambo lisilojulikana na wengi, yeye alilijua kama jina lake: sheria kupitishwa ni kitu kimoja, kuanza kutumika ni kitu kingine kabisa. Bunge litapiga makofi, redio itatangaza, watu watapongezana. Lakini mpaka tangazo la tarehe ya kuanza lipite chini ya kalamu yake, sheria yenyewe imelala usingizi wa pono.

Basi mdogo wake, fundi cherehani asiyesikia tangu utotoni, akapata barua kutoka baraza la nyumba. Mwenye jengo alitaka kumtoa katika chumba alichoshonea miaka tisa, eti cherehani yake inawasumbua wapangaji. Kikao kilikuwa baada ya wiki saba. Mama Nukta akaenda barazani kuomba amtafsirie yeye mwenyewe, karani akakataa katakata.

"Ndugu haruhusiwi, mama. Atasema ya kwake."

"Basi leteni mkalimani wa lugha ya alama. Ni haki yake, kifungu cha kumi na nne cha sheria ya wasiosikia. Nimekisoma kwa macho yangu haya, mwaka wa tatu huu."

"Kipo, mama. Ila hakijaanza kutumika."

Alirudi kazini amefura, akashuka stoo kulifukua tangazo la sheria ile. Lilisema sheria itaanza tarehe mosi, isipokuwa vifungu vya 14 na 15. Mkato ule kabla ya "isipokuwa" aliuweka yeye mwenyewe. Aliuweka, akaridhika nao, akaenda kunywa chai. Hapo ndipo hasira yote ilipomgeukia yeye, na aliona aibu kwelikweli.

Watu husema sheria hukwama kwa sababu wakubwa hawaitaki. Mara nyingine ni kweli, siwatetei. Lakini Mama Nukta alisoma vifungu vile viwili mara tatu, kalamu mkononi, akaanza kucheka peke yake. Kesho yake asubuhi alikuwa mlangoni kwa mwanasheria wa wizara, kijana wa suti iliyonyooka.

"Karibu mama, keti. Kifungu cha kumi na nne? Tunasubiri orodha ya wakalimani kutoka kwa msajili."

"Msajili yupi?"

"Anayeteuliwa chini ya kifungu cha kumi na tano."

"Ambacho mmekilaza pamoja na chenzake."

Mwanasheria akafungua kitabu. Akafunga. Akafungua tena.

"Mwanangu," alisema Mama Nukta, "mmefungia ufunguo ndani ya nyumba, halafu miaka mitatu mmekaa kibarazani mkingoja mtu awafungulie."

Kijana alicheka mpaka akavua miwani. "Vilionekana vinakwenda pamoja, tukaviahirisha pamoja. Sasa tufanyeje?"

Mama Nukta alikuwa na rasimu mkobani, sentensi moja tu: kifungu cha kumi na tano kianze Jumatatu. Msajili ateuliwe, asajili wakalimani ambao vyeti wanavyo tayari, kisha cha kumi na nne kifuate.

"Na kikipita na makosa ya chapa?"

"Makosa? Mezani kwangu?"

Tangazo la pili, la kifungu cha kumi na nne, lilimfikia siku tano kabla ya kikao. Alilisoma mara nne, akalirudisha halina hata doa jekundu. Wapiga chapa wakaulizana kama mama anaumwa.

Siku ya kikao, mwenye jengo alizungumza kwa kirefu kuhusu mpangaji wa chumba cha pembeni aliyekosa raha kwa kelele za cherehani. Mama Nukta, kwenye benchi la nyuma, alijiuma midomo. Mdogo wake akainuka, mikono ikaanza kwenda mbio, na mkalimani, mwanamke mwembamba mwenye sweta, akaifuata kwa sauti.

"Anasema mpangaji huyo anamfahamu. Alihama mwaka mzima kabla yeye hajaleta cherehani. Anasema hicho chumba cha pembeni ndicho chumba chake yeye, alikirithi kwa huyo huyo mpangaji, na karatasi ya makabidhiano hii hapa."

Mwenyekiti akaipokea karatasi, akaisoma, akamtazama mwenye jengo. Mwenye jengo akatazama dari. Haikuchukua nusu saa, baraza likaamua fundi asibughudhiwe.

"Ana la ziada?" aliuliza mwenyekiti.

Mikono ikacheza kidogo. Mkalimani akasita, akakohoa.

"Anasema anashukuru sana. Na anamwomba dada yake pale nyuma aache kulia, watu wote wanageuka kumwangalia."