Karanga za Nyanjige na Mguu Wangu

Mimi Ndalahwa ni mbishi, sikatai. Lakini mdogo wangu Nyanjige ananishinda, na leo namsifu mchana kweupe.

Nyanjige anauza karanga mnadani Nkololo. Siku moja alikuta vipeperushi vya kisukari vimerundikwa zahanati, vinaliwa na mende. Akachukua, akafungia karanga. Nesi Anyesi akaja juu: "Mama, elimu ya watu unafungia karanga?"

"Kwangu havitalala," Nyanjige akamjibu. "Mla karanga lazima akunjue karatasi."

Nesi akacheka, kesho yake akamletea boksi zima.

Mimi nilimbeza kuliko wote. Siku ya mnada nilisimama karibu na beseni lake najitapa kwa wanunuzi: "Nimeswaga madume tangu alfajiri. Mguu huu haujui mwiba!" Dastan, dalali wa ng'ombe, akanipigia makofi. Nyanjige hakucheka. Akanikunjulia karatasi mbele ya uso.

"Soma, kaka."

Iliandikwa kwamba mguu usiosikia maumivu si wa kujivunia. Huenda kisukari kimedhuru mishipa ya fahamu, na kidonda usichokihisi kinaweza kuondoka na mguu wako.

"Vua katambuga," akasema.

"Mbele za watu?"

"Vua!"

Nikavuta ndala hiyo ya tairi, haikutoka. Msumari ulikuwa umetoboa tairi ukazama kwenye unyayo, damu imeganda, na mimi nilikuwa napiga soga tu. Loo! Niliogopa, nikashika bega la mdogo wangu nisianguke.

Alinipakia kwenye bodaboda mwenyewe hadi hospitali Bariadi. Sukari ilikuwa juu mno. Kidole kimoja kilikatwa, mguu ukabaki. Daktari alisema ningechelewa wiki moja tu, ningerudi nyumbani na magongo. Sasa nameza dawa, nakagua nyayo kila asubuhi, na nikisikia watu wanamwita Nyanjige "daktari wa karanga", natembea kifua mbele. Ndiyo, huyo ni wa kwetu, tumenyonya ziwa moja!

Mwezi uliopita Dastan alinifuata nyuma ya zizi la mnada. Karanga hajala hata moja, karatasi kaishika wazi, jasho linamtoka.

"Ndalahwa," akanong'ona, "mdogo wako yuko wapi? Mguu wangu wa kushoto siusikii."