Sentensi ya Kwanza ya Mama

Mwalimu wetu wa Kiswahili alitoka mkoa wa mbali. Alipangiwa Kigoma, hakuiomba, na hakujisumbua kutuficha hilo. Akapanga chumba nyumbani kwetu Ujiji, akala ugali wa muhogo na samaki wa migebuka wa mama yangu hadi akanenepa, na asubuhi akatuambia darasani kwamba watu wa huku hatujui kuandika.

Ugonjwa wake ulikuwa msimamo. Kila insha ya hoja, alisema, ina sentensi moja inayozibeba nyingine zote, na sentensi hiyo ikae mapema, kwenye aya ya kwanza, msomaji asiitafute. Iwe sentensi ambayo mtu anaweza kuibishia. "Ziwa Tanganyika lina samaki," alisoma siku moja kutoka kwenye insha yangu. "Hata samaki wenyewe wanajua! Sema nyavu za macho madogo zipigwe marufuku. Hapo umesema kitu. Hapo kuna mvuvi atakayekukimbiza na kasia." Darasa likacheka, nami nikacheka, maana ilikuwa kweli.

Kitu alichokichukia kuliko vyote ni mwanafunzi aliyeandika "kwa upande mmoja" kisha "kwa upande mwingine," akamaliza bila kusema yeye yuko upande gani. Pembeni aliandika kwa wino mwekundu: Huu ni uoga.

Tulikuwa wagumu kufundishika, nakiri. Nyumbani kwetu jambo halisemwi mwanzo. Mtu akija na shida yake anaamkia, anauliza watoto, mihogo, mgonjwa wa jirani, anaeleza ametokea kwa nani na babu yake alifikaje hapa, na mpaka anasimama kuaga ndipo anasema, "Sasa lililonileta ni hili." Anayeanza na lililomleta ni mdai au askari. Mama alikuwa bingwa wa mazungumzo ya namna hiyo. Hata akienda kuomba chumvi, ungeweza kupika ugali ukaiva kabla hajaitaja.

Miaka ile wakimbizi walikuwa wakivuka mpaka, wengine kwa mitumbwi, wengine kwa miguu na magodoro kichwani. Mwanzoni mji uliwapa maji na sehemu ya kulala. Kisha makambi yakajaa, maneno yakabadilika, ikaja amri kwamba mtu yeyote wa ng'ambo anayeishi nje ya kambi akusanywe na kupelekwa kambini. Walipita mtaa kwa mtaa. Mama walimkuta sokoni akiuza mawese, wakampeleka uwanja wa mpira pamoja na wengine. Nilipata habari shuleni, nikakimbia na sare yangu hadi pale.

Nilimfikia akiwa mbele ya meza. Afisa hakuwa mtu wa kwetu. Akamuuliza, "Wewe ni mtu wa wapi?"

Mama yangu alizaliwa Ujiji, na mama yake alizaliwa Ujiji. Baba yangu, mtu wa Kalinzi, mkoa huu huu, alizikwa Ujiji. Kulikuwa na sentensi moja tu ya kusema. Lakini aliulizwa na mtu mwenye heshima zake, naye akajibu kwa heshima, kama alivyolelewa.

"Shikamoo, mzee," alisema, ingawa yule kijana angeweza kuwa mwanawe. "Habari za kazi? Poleni na jua. Sasa, babu yangu mzaa baba alitoka ng'ambo ya Malagarasi, akaja huku kwa miguu..."

Afisa akaandika neno ng'ambo, asijue Malagarasi ni mto wa mkoa huu huu. Mama akaendelea, akamfikisha babu kijijini Kidahwe, akamwozesha, akaanza kuhesabu watoto wake. Afisa alikwisha kusema, "Anayefuata." Nikapiga kelele kwamba hajamaliza, kwamba alikuwa bado hajafika kwenye jambo lenyewe. Askari akaniambia nitulie la sivyo nitapanda gari pamoja naye.

Mjumbe wetu wa nyumba kumi akaenda kumtetea, na majirani nyuma yake. Wakajibiwa kwamba sisi wote ni ndugu, tunalindana. Wanataka neno la mtumishi wa serikali, mtu asiye wa huku.

Mtumishi wa serikali asiye wa huku alikuwa chumbani kwake, uani kwetu, anasahihisha insha. Nilimpigia magoti. Nikamwambia, "Mwalimu, njoo ukawaambie sentensi moja tu. Mama huyu ni mtu wa hapa. Umekaa kwake, umeona kaburi la mumewe."

"Mwanangu," akasema, "suala hili ni zito. Kwa upande mmoja, mama yako namfahamu, ni mama mwema sana. Kwa upande mwingine, mimi mwenyewe ni mgeni, na mambo ya uraia yana wenyewe." Nikangoja msimamo. Akafunika kalamu yake nyekundu, akasema tumwachie Mungu.

Nilimchukia siku ile, na sijaacha. Watu huniambia alikuwa anaogopa kazi yake. Najua alikuwa anaogopa. Si yeye aliyenifundisha kuutambua uoga hata ukiandikwa kwa hati nzuri?

Mama alirudi masika yalipokwisha. Kule kambini alipatikana karani mmoja aliyemwacha azungumze hadi mwisho. Mwalimu alikuwa amehamia Kigoma mjini kabla ya hapo, bila kuaga. Mawese hayakuwapo tena, wateja walikwenda kwa wengine, na mama alikonda shingo. Lakini kilichoniuma zaidi ni mazungumzo yake. Akienda zahanati, nesi hajanyanyua uso, mama anasema, "Mimi ni mtu wa Ujiji. Nimezaliwa hapa." Akienda posta ni hivyo hivyo. Habari za watoto na mihogo hakuuliza tena. Akimaliza sentensi hiyo ananyamaza, kama mtu anayesubiri kubishiwa.

Sasa mimi ni mwalimu, na nafundisha insha ya hoja kama nilivyofundishwa, maana mafunzo yenyewe hayakuwa na kosa. Nawaambia msimamo ukae mapema. Siwaambii niliuona wapi ukiwekwa mapema kuliko popote.

Ilikuwa barabara ya sokoni, mchana, mwaka ule ule aliorudi. Mwalimu alikuja mbele yetu na mfuko wa dagaa, hakuwa na pa kupitia. Akainamisha kichwa. "Shikamoo, mama."

Mama, ambaye hakuwahi kuacha kuitikia salamu ya mtu, alimtazama usoni. "Mimi ni mtu wa Ujiji," akasema. "Nimezaliwa hapa." Akanishika mkono tukapita, na marahaba hakumpa.