Vifuniko Vitatu Kwenye Kopo la Rangi

Nianze na mwavuli, maana mpaka leo kuna watu wanauliza. Ndiyo, ni kweli fundi bomba wetu alilowa msimu mzima wa mvua wakati nyumbani kwake kuna mwavuli mzima. Mwavuli ulikuwa wa mkewe, wenye maua mekundu, na sisi wanaume wa pale kwa kinyozi tulikuwa tumeshapiga kura kwamba mwanaume anaruhusiwa mwavuli mweusi tu. Akashikwa na kikohozi cha wiki tatu. Alipokuja kunyoa, kifua kinakoroma, tulimpa mkono wa pongezi mmoja mmoja.

Ndivyo tulivyokuwa. Watu wazima, wengine wana wajukuu.

Mimi ni fundi viatu. Miaka kumi na sita nimekaa kwenye baraza ya kinyozi huyu, kisanduku changu cha zana kushoto mwa mlango, kigoda changu kimeegemea ukuta. Nikiinua kichwa naona kioo kikubwa kilichopasuka pembeni, kiti cha kuzunguka ambacho kiliacha kuzunguka zamani, na mgongo wa kinyozi. Mgongo ule naujua kuliko sura yake. Tangu ujana wake aliinama juu ya vichwa vya watu, shingo ameipinda kuelekea bega la kulia, kwa sababu jicho moja lilikuwa halioni vizuri na miwani hakuitaka. Miwani nayo tuliwahi kuijadili. Tuliipitisha kwa shingo upande, ya kusomea tu.

Tulimwita Hakimu, na jina lilitokana na utaratibu aliouanzisha mwenyewe. Kila Jumatatu mteja wa kwanza alileta swali kuhusu uanaume, na Hakimu aliliandika juu ya kioo kwa kipande cha sabuni. Je, mwanaume ananusa sabuni dukani kabla ya kuinunua? Akipotea njia, anauliza? Anaruhusiwa kulala amekumbatia mto? Chini ya kioo kulikuwa na makopo mawili, moja la maziwa ya unga na moja la rangi ya mafuta, na bakuli la vifuniko vya soda. Kila mtu aliyeingia wiki ile aliokota kifuniko kimoja na kukitumbukiza kwenye kopo alilotaka. Jumamosi saa sita mchana Hakimu alijitupia shuka la kunyolea mabegani kama joho, akamwaga vifuniko mezani, akahesabu kwa sauti, akatoa hukumu. Kura zikifungana, alitoa ya kwake, na hiyo ndiyo ilikuwa sheria kwetu sote. Aliyeivunja alinyolewa siku hiyo akiwa amefungwa shuka la waridi lenye vipepeo, na wapita njia wakamwona.

Tulicheka sana pale. Nitakuwa mwongo nikisema sikufurahi. Mtu ametoka nyumbani kwake ana lake linalomkaba, lakini akikaa kwenye benchi la Hakimu kubishana kama mwanaume anaweza kunywa chai kwa mrija, anasahau kwa nusu saa. Mwalimu wa hesabu, mwembamba, mwenye sauti ya kugombeza hata akikusalimu, aliwahi kutetea mto kwa dakika arobaini. Alisema mto haujui kama wewe ni mwanaume au si mwanaume. Alishindwa kwa kura tisa, na nasikia mkewe alikasirika zaidi yake.

Sasa, mwaka juzi Hakimu alinipa viatu vyake. Viatu vyeusi vya kamba, alivyovivaa kila siku ya Mungu.

"Fundi, toa hizi kamba," akasema. "Nitilie mpira pembeni, niwe nachomeka mguu tu."

"Vya chekechea," nikamwambia. "Nikutilie na katuni?"

"Kamba zimenichosha, bwana. Umri huu niiname kwa ajili ya fundo?"

Nikavitia mpira. Nikaona pia kwamba ncha ya kiatu cha kushoto imelika mpaka kitambaa cha ndani kinachungulia, wakati kisigino bado kipya. Mimi nasoma soli kama wengine wanavyosoma gazeti. Kiatu kinacholika ncha tu ni cha mtu anayeburuta mguu. Nikakibandika kiraka, nikakipaka rangi, nikamtania tena wakati anavaa, na biashara ikaishia hapo.

Baadaye aliacha wembe. Alisema wembe unaleta vipele, siku hizi watu wanataka mashine. Chanuo lilikuwa linamponyoka, analisukuma kwa mguu chini ya meza na kuchukua jingine. Vifungo vya shati lake vikaanza kukaa wazi juu, na fundi bomba akasema Hakimu anatafuta mke wa pili. Alicheka pamoja nasi. Alikuwa na kicheko cha puani, kifupi, na alikuwa hodari wa kukitoa kwa wakati.

Ikaja Jumatatu moja ambayo mteja wa kwanza hakuwa na swali. Hakimu akasema basi leo nina langu. Katika miaka yote ile hakuwahi kuleta swali lake. Akasogea kwenye kioo na kipande cha sabuni amekishika kwa ngumi nzima, kama mtoto anayejifunza kalamu, akaandika kwa herufi zinazopanda na kushuka: *Mwanaume akiona mwili wake unamkataa, aseme au anyamaze?* Kopo la maziwa likawa la aseme, kopo la rangi likawa la anyamaze.

Wiki ile ilikuwa tamu kuliko zote. Kila mtu alidhani anajua mwili unamkataa nani na wapi, na nyinyi mnaweza kujazia wenyewe tulikoupeleka mjadala. Fundi bomba alisema mwanaume akianza kusema leo goti, kesho atasema kiuno, keshokutwa atataka kubebwa. Mwalimu wa hesabu alisimama upande wa kusema. Alisema hata mashine ikianza kulia unaita fundi, sembuse mtu. Tukamwambia yeye ni mtu wa mito, akae kimya. Hakimu aliendelea kunyoa. Naikumbuka shingo yake siku zile, haikuwa inageuka tena. Akitaka kumwangalia mtu aligeuka mwili mzima.

Ijumaa jioni Hakimu alikwenda uani kunawa. Nikasimama kwenda kupiga kura yangu. Nilipochungulia makopo niliona la maziwa linaelekea kulingana na la rangi, na sikutaka mwalimu ashinde. Hiyo ndiyo sababu, na ndiyo yote. Nilitaka kuiona sura ya mwalimu Jumamosi. Nikaokota vifuniko vitatu badala ya kimoja, nikavitumbukiza kwenye kopo la rangi taratibu visilie, nikarudi kwenye kigoda changu.

Jumamosi Hakimu alihesabu polepole, kila kifuniko anakisukuma kwa kidole cha katikati mpaka ukingoni mwa meza. Aseme, kumi na moja. Anyamaze, kumi na tatu. Akavitazama, akavihesabu tena. Kisha akavuta shuka mabegani na kutoa hukumu.

"Mwanaume ananyamaza," akasema. "Kesi imekwisha."

Tulipiga makofi. Mwalimu alisonya, nami nikaipata ile sura niliyoitaka.

Kwa miezi minane Hakimu aliitii hukumu yake. Mashine ikamchuna mteja mmoja sikioni. Mwingine alitoka na kisogo kina ngazi. Wateja hawakumwambia kitu. Walipungua tu, mmoja baada ya mwingine, wakahamia kwa kinyozi wa ng'ambo ya barabara na kupita upande ule wakiangalia simu zao. Fundi bomba alikuwa wa kwanza. Hakuna aliyeleta swali tena, na yale maandishi ya sabuni yakabaki kwenye kioo mpaka yakawa ukungu. Mimi niliendelea kumbandikia kile kiatu cha kushoto kila mwezi, bila kuuliza, nikijiona rafiki.

Siku aliyoanguka aliangukia kizingitini, mbele ya kisanduku changu. Hakujikwaa kwenye kitu. Miguu ilikataa tu, akashuka chini na shuka la kunyolea mkononi. Nilipomshika vidole alisema havisikii. Akasema havisikii tangu mwaka juzi, kwa sauti ya mtu anayekutajia saa.

Mkewe, ambaye mimi namwita shemeji, alimpeleka hospitali. Daktari akaeleza kwamba mifupa ya shingo imeubana uti wa mgongo, kidogo kidogo, kwa miaka ya kuinama. Akasema ni kitu kinachopasuliwa, na mtu akija mapema hubaki na mikono yake. Huyu amechelewa. Watampasua ili ganzi isiendelee kupanda, lakini kilichokwenda hakirudi. Wakampasua, na hakikurudi. Sasa anakaa kwenye kiti karibu na dirisha la sebuleni, mikono juu ya mapaja, viganja vimetazama juu, na shemeji anamlisha.

Nilikwenda kumwona baada ya mwezi. Shemeji alinifungulia mlango akiwa na kijiko mkononi, akanitazama muda mrefu kabla ya kunikaribisha.

"Shemeji," akasema, "mimi nilikuwa naondoka kwenda kazini hakujakucha na narudi amelala. Aliniambia ni uchovu. Lakini wewe ulikuwa unakaa pale mlangoni kila siku. Hukuona kitu?"

"Niliona viatu," nikasema.

Akasogea nipite.

Ndevu za Hakimu zilikuwa zimeota ovyo, nyeupe, mpaka shingoni juu ya kovu. Mtu aliyenyoa mtaa mzima. Nilikuwa nimebeba mashine yake kutoka kwenye kibanda chake cha kunyolea, maana mwenye jengo alikuwa ameshakipangisha kwa muuza simu na kioo kilikuwa kimeoshwa. Mfukoni nilikuwa na vifuniko viwili vya soda. Nilikuwa nimeamua kumwambia. Nilishapanga na maneno njiani: kwamba vile vya ziada vilikuwa vyangu, kwamba hesabu ya haki ilikuwa kumi na moja kwa kumi na moja, na kura zikifungana, kauli ilikuwa yake.

Nikamfunga taulo, nikaanza na shavu la kulia. Alinielekeza. Vuta ngozi, fundi. Usibonyeze, si soli hiyo. Nikacheka, naye akatoa kile kicheko chake cha puani, nami nikavuta pumzi ili nianze.

Akaniwahi.

"Unajua lile swali langu," akasema, "kuna mtu aliiba kura."

Mashine ikaendelea kuunguruma mkononi mwangu. Nikamuuliza amejuaje.

"Wiki ile waliingia watu ishirini na mmoja, na wewe wa ishirini na mbili. Nawajua kwa vichwa vyao. Vifuniko vilikuwa ishirini na vinne. Nilihesabu mara mbili."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilikuwa nimepanga, mkisema aseme, niwaambie palepale. Mbele yenu wote. Nilishaandaa na utani wa kuanzia." Akameza mate, na kumeza kwenyewe sasa ni kazi. "Nilipoona vimezidi nikajua kuna mtu kati yenu anataka ninyamaze. Anataka sana, mpaka ameiba. Nikasema labda ameshaona mikono yangu na hataki kusikia. Sikutaka kumwangusha."

Shemeji alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni, kijiko bado anacho. Vile vifuniko vilinichoma pajani kupitia kitambaa cha suruali. Niliogopa, na nasema hapa kwamba niliogopa, maana pale sikusema.

"Unadhani alikuwa nani?" Hakimu akauliza. "Mimi nadhani fundi bomba. Yeye ndiye aliyenikimbia wa kwanza."

Hakuweza kugeuza shingo anitazame, nami nilikuwa nimesimama nyuma yake.

"Huenda," nikasema. "Inamisha kichwa kidogo, nimalizie kisogo."

Akasema hakiinamiki, nizunguke mimi. Nikazunguka, nikamnyoa mpaka mwisho, na hakuna mahali nilipomchuna.