Nilimlazimisha Mkwe Wangu Kupaka Mawese kwenye Beringi

Kosa ni langu. Nalisema mwanzo kabisa ili usije ukanionea huruma katikati ya maneno. Mimi ni bibi mwenye wajukuu, darasa la nne sikulimaliza, mwandiko wangu wa kujikokota, lakini haya nimeyaandika mwenyewe.

Nina pikapu kuukuu aliyoniachia marehemu mume wangu. Tunaishi kijijini, nje ya Kibondo, na pikapu hiyo ndiyo iliyokuwa inabeba maharage yangu na ya majirani kwenda sokoni. Dereva wake na fundi wake walikuwa mtu mmoja, mume wa binti yangu. Nitamwita Baba Devota. Si jina lake.

Na alikuwa fundi kweli! Watu walitoka hadi Kasulu kumletea magari yaliyowashinda wengine. Mimi nilijivuna naye kwa majirani, ila mbele yake sikuwahi kumpa sifa. Ndivyo nilivyo. Mdomo wangu ni mgumu.

Msimu uliopita wa maharage gurudumu la mbele likaanza kulia. Mwanzo lilivuma kama mashine ya kusaga iliyo mbali, baadaye likakoroma hasa. Baba Devota akapiga jeki uani kwangu, akalishika gurudumu juu na chini, akalitikisa. Likacheza. Akalifungua, akatoa beringi zake, akaziosha kwa mafuta ya taa kwenye karai.

Sasa mjue, kwetu mkwe na mama mkwe hawaongei uso kwa uso. Yeye yuko uani, mimi niko jikoni, na binti yangu amesimama mlangoni kupokea maneno huku na kuyapeleka kule, ingawa wote tunasikiana vizuri kabisa.

"Mama Devota, mwambie mama beringi zimekwisha. Zimeingia vishimo. Nimeagiza mpya Kasulu, pamoja na grisi nzito ya kuhimili joto. Gari lisitembee mpaka zifike."

"Mwambie kesho ni soko," nikasema.

"Mama anasema kesho ni soko."

"Nimemsikia. Mwambie soko linarudi kila wiki."

Mawe we! Ndivyo sisi Waha tunavyomwita mama tukishikwa na jambo. Niliwaka! Mtu aliyekuja kuoa kwangu ndiye anipangie soko langu?

"Mwambie hizo beringi si bado zinazunguka? Azirudishe. Kama hana grisi, mawese yapo humu tele. Baiskeli ya marehemu ilibeba magunia toka Kasulu mpaka hapa, ekseli inakula mawese tu, na haikuwahi kulia!"

Binti yangu akacheka. "Mama jamani, gari na baiskeli?"

"Nyamaza! Wewe umewekwa hapo kupeleka maneno, si kuyapima."

Huko uani beringi zikagonga karai. Kisha nikasikia sauti yake, ya chini, ya heshima: "Mwambie mama, mawese yakipata moto yanakuwa maji. Yatavuja yote, chuma kitabaki kikavu kinasagana na chuma."

Alinifundisha vizuri kama mtoto wa shule. Na hilo ndilo lililonichoma! Nikachukua kopo langu la mawese, nikalitua kizingitini.

"Mwambie hivi. Kama mimi ni mama mkwe wake, apake. Kama si mama mkwe wake, basi aache."

Neno hilo kwetu halina jibu. Mwanamume akilikataa, amemkataa na mke. Nililijua hilo, na ndiyo maana nililitumia.

Akapaka. Nilimchungulia kwenye upenyo wa mlango. Alikuwa anayasukuma mawese ndani ya beringi kwa kiganja, pole pole, uso umeinama. Akarudisha gurudumu, akakaza nati, akatia pini, akanawa.

Asubuhi tukapakia. Yeye mbele peke yake kwenye usukani, mimi nyuma juu ya magunia, kwa sababu mama mkwe haketi bega kwa bega na mkwe. Binti yangu alibaki nyumbani na mtoto.

Gari lilikwenda kimya. Ule mkoromo ulipungua kabisa! Nikafurahi peke yangu juu ya magunia, nikawaza, leo nimemfundisha fundi kazi.

Halafu nikasikia harufu.

Nimepikia mawese toka utotoni. Harufu ya mawese yanayoungua naijua hata nikiwa usingizini. Ilikuwa inapanda kutoka lile gurudumu la mbele, inaletwa na upepo mpaka usoni pangu, na ule mlio ukaanza kurudi, mwembamba, wa kukwaruza.

Sikilizeni vizuri hapa, maana kosa langu hasa ni hili. Mkono wangu ulikuwa juu ya bati la kebini. Ningegonga tu, angesimama. Sikugonga! Niliona nikigonga nitakuwa nimekubali kwamba alisema kweli. Nikajiambia, tufike kwanza sokoni, nitajua la kumwambia binti yangu amwambie.

Hatukufika. Kwenye mteremko gurudumu lilichomoka, nikaliona linatutangulia linadunda kwenye vumbi jekundu kama mtoto aliyetoroka. Pikapu ikalala na pua yake mtaroni. Mimi niliangukia magunia, nikachubuka kiwiko. Yeye mkono wake wa kulia ulibanwa kati ya usukani na mlango.

Hospitali waliufunga, wakaufungua, wakaufunga tena. Mfupa uliunga. Vidole havikurudi. Havishiki spana.

Sasa lile lililonimaliza. Fundi mwingine wa mjini alipolifungua lile gurudumu kutafuta sababu, akakuta mabaki mekundu ya mawese. Kicheko! "Fundi huyu, beringi anazitengeneza au anazikaanga?" Maneno yakaenda mji mzima, yakafika mpaka Murungu.

Wazee wa ukoo wake na wa kwetu wakakaa kikao uani kwangu. Wakamuuliza: nani alitia mawese kwenye gari?

Mimi nilikuwa nimeketi nyuma ya wanawake, khanga nimejifunika. Binti yangu akageuka, akanitazama. Nikainamisha macho.

Baba Devota akasema, "Ni mimi. Grisi iliniishia."

Mzee mmoja akamng'akia, "Wewe ni fundi au mpishi?" Watu wakacheka. Akanyamaza. Na mimi, mama mtu mzima, nikanyamaza vilevile!

Baada ya hapo hakuna aliyemletea gari hata la kusikiliza mlio. Walihama, wakaenda Kakonko. Binti yangu analima vibarua kwenye mashamba ya watu. Nilipokwenda kuwaona, mkwe aliagiza nitandikiwe mkeka mpya, niletewe maji ya kunawa, kisha akatoka nje ili nikae kwa uhuru. Yote aliyatimiza. Afadhali angenitukana!

Binti yangu akanisindikiza hadi njiani. Hakupaza sauti. "Mama, alikuheshimu mpaka mkono ukaisha. Na wewe ukashindwa kumpa neno moja tu."

Nikarudi, nikamwendea shemeji yangu aliyekuwa mkubwa wa kile kikao, nikamweleza yote. Unajua aliniambia nini? "Shemeji, yamepita hayo. Kwa umri wako unajiaibisha ya nini? Acha yalale."

Yalale! Kwangu yamelala, mkwe wangu bado yanamla.

Ndiyo maana nimeandika. Enyi akina mama wenye wakwe, mtu aliyekatazwa kukujibu usimpe amri kwenye kazi asiyoijua mwingine ila yeye. Utashinda, na ushindi wako utamkata mtu mkono. Gari likilia, mwacheni fundi aseme limechoka wapi. Beringi iliyoisha ibadilishwe, ipakwe grisi yake. Mawese yarudi jikoni.

Na ninyi wa Kibondo mliocheka, jueni leo. Fundi yule alikataa mawese kwa mdomo wake mwenyewe, akaeleza na sababu, na mimi nilisikia. Mkono wake umekufa ila sikio lake ni zima. Bado anaijua beringi mbovu gari likiwa mbali barabarani. Yuko Kakonko. Mpelekeeni magari, ashike mwingine spana, yeye aelekeze. Na akiwaambia aliyetia mawese ni yeye, msimwamini.