Sista Aliyewatazama Waliochanjwa

Chanjo ya korona ilipofika Matsangoni, mimi nilikuwa mwanafunzi wa uuguzi, nimepelekwa kwenye zahanati moja ya huko kwa mazoezi. Asubuhi napanda matatu kutoka kwetu Shella, jioni narudi. Sista aliyenisimamia alikuwa mama wa makamo, mzaliwa wa huko huko, na wagonjwa walimwamini hata wengine walirudi nyumbani wakiambiwa leo hayupo.

Chuoni tulikuwa tumegawanyika. Wenzangu waliojibu mtihani wa chanjo vizuri kabisa ndio waliokuwa wakinong'ona bwenini kwamba sindano ile inafunga kizazi. Mimi nilikuwa nimeshachanjwa, kwa kuwa mamangu hakunipa nafasi ya kufikiri. Lakini nilitamani kujua watu huamua vipi, kwa hiyo nikawa namchunguza sista.

Kila aliyechanjwa alitakiwa akae kidogo kwenye benchi la barazani kabla ya kwenda zake. Wauguzi wengine waliwasahau pale. Sista hakuwasahau. Aliwatazama shingo, midomo, hata vidole, kama anayengojea kitu kitokee. Na yeye mwenyewe hakuwa amechanjwa. Habari hiyo niliipata kwa msichana wa mapokezi.

"Huyo anajua jambo ambalo sisi hatujaambiwa," alininong'oneza.

Siku moja watu walipopungua nikajipa moyo.

"Sista, niwie radhi kama nakukosea. Mbona wewe hujachanjwa?"

Aliendelea kufunga kisanduku cha sindano zilizotumika.

"Nilipokuwa msichana nilidungwa penisilini," akasema. "Uso ukafura, pumzi zikanikatika. Mamangu alinibeba akidhani amebeba maiti. Sasa kila nikimdunga mtu, najiambia, huenda ni huyu."

"Umemuuliza daktari?"

"Nimuulize vipi, mwanangu? Watu wote hawa wananiuliza mimi. Wakisikia nami nauliza, watashika la nani?"

Nilijaribu kukumbuka tuliyosomeshwa kuhusu watu wanaodhuriwa na dawa, nikaona ni machache na hayamfai. Nikamwambia hivyo. Akacheka kidogo.

"Basi tuko wawili."

Akachukua simu, akampigia daktari wa Kilifi aliyewahi kufanya naye kazi. Walianza kwa Kigiriama, wakaulizana habari za watoto, kisha sista akaingia kwenye maswali. Chanjo hii imetiwa nini ndani? Ina penisilini? Nikianza kufura, mtanipa dawa gani, na itakuwa karibu au itafuatwa stoo? Nilisimama kando nikisikiliza. Sikuwahi kusikia mtu akiuliza vizuri namna ile, hata darasani.

Daktari alimjibu kwamba haina penisilini, ila kwa yaliyompata zamani ni vyema achanjiwe hospitalini, naye akae muda mrefu kuliko wengine.

Tulikwenda Kilifi pamoja. Alivaa gauni lake la kanisani, sijui kwa nini. Alipodungwa alifumba macho. Kisha tukakaa, mimi namtazama uso, yeye anajishika shingo kila mara. Daktari alipita, akamuuliza, akapita tena. Hakufura. Muda ulipokwisha alibaki ameketi kidogo, akafuta machozi kwa ncha ya leso yake, akasema ana njaa.

Mkono ulimuuma mpaka kesho yake. Wiki iliyofuata mzee mmoja alikuja zahanati amenuna, kaletwa na mkewe.

"Wewe sista, umechanjwa?"

"Nimechanjwa juzijuzi tu, baba. Nilikuwa naogopa."

Mzee akamkazia macho. "Uliogopa nini?"

Sista akavuta kiti, akamweleza yote, tangu penisilini. Mzee aliuliza mengi, na foleni ikangoja. Mwishowe akakunja mkono wa shati.

Si wote waliokubali. Msichana wa mapokezi hakuchanjwa hadi nilipomaliza mazoezi yangu. Nilimuuliza naye sababu, akasema bado anafikiria, na kwamba nikipita tena Matsangoni nimuulize.