Kilele Nisichokikumbuka

Nakumbuka siku moja, mwanangu, ila naikumbuka nusu. Nusu ya pili nimesimuliwa, na aliyenisimulia ni huyo Mutiso umwonaye kila Ijumaa akija kunywa kahawa barazani kwetu, akipanda ngazi mbili za mlango kwa kushika ukuta.

Wakati huo tulikuwa makarani bandarini, vijana, hatujaoa. Yeye mtu wa Machakos, mimi wa hapa hapa pwani, Kibokoni, sijapanda kitu kirefu kuliko ngazi za ghorofani kwa nyanyangu. Akaniambia, "Twende Mlima Kenya." Nami kwa kupenda sifa nikaitangazia baraza nzima. Wazee walicheka mpaka kahawa ikawamwagikia. Mmoja akaniuliza, "Wewe ambaye kusi ikivuma wavaa sweta?" Basi nikaapa nitarudi na picha ya kileleni.

Tulikuwa watatu, mimi, Mutiso, na kiongozi wetu wa mlimani, Mzee Gitonga, mtu mzima wa Meru asiye na maneno mengi. Siku mbili za kwanza, raha. Ya tatu kichwa kikaanza kunigonga. Chakula sikitaki. Najificha nyuma ya jiwe natapika, nasukutua mdomo, narudi natabasamu. Na Mzee Gitonga, kila tukipumzika, humwuliza kila mtu, "Uko namna gani?"

Sasa sikiza nilivyomjibu. Wewe umelelewa nyumba hii, wajua. Mtu akikuuliza hali, jibu ni njema, alhamdulillahi. Hata una homa. Hata umetoka kuzika. Kwanza njema, ndipo yafuate mengine, tena baada ya kuulizwa za nyumbani, za watoto, za kazi. Ndiyo adabu tuliyofundishwa, na naipenda mpaka leo. Lakini Mzee Gitonga hakuwa mtu wa Kibokoni. Aliuliza mara moja, akasikia njema, akaamini, akajitwika mzigo wake akaendelea.

Tena, nisikufiche, haikuwa adabu peke yake. Kiongozi alikuwa mmoja. Nikisema kweli tutateremka sote, na Mutiso aliingojea safari ile miaka. Niliona haya kumharibia. Na ile picha niliyoiapia, pia.

Siku ya kilele tuliondoka kambini jua likichomoza. Nakumbuka mawe. Nakumbuka visigino vya Mutiso mbele yangu. Nakumbuka sauti, "Uko namna gani?" na mdomo wangu ukijibu wenyewe. Baada ya hapo sina kitu.

Nilifika, mwanangu. Picha ile pale juu ya kabati la vyombo, mimi na Mutiso tumeshikana mabega, theluji miguuni. Kila mgeni huniuliza kulikuwaje huko juu. Nasema kuzuri, mashallah. Uongo mtupu! Naitazama kama picha ya binamu aliyesafiri.

Mutiso ndiye ajuaye. Anasema pale kileleni nilianza kumwita kwa jina la marehemu babangu, nikimwuliza kama feri imefika. Mzee Gitonga akanishika kidevu, akanitazama machoni, akasema neno moja la kwao ambalo Mutiso amekataa kunieleza. Wakaniteremsha, huyu kwapa hili, huyu kwapa lile. Miguu yangu ilipokataa kabisa, Mutiso akanibeba mgongoni. Kwenye kokoto akateleza. Angeniachilia angejishika, lakini hakuniachilia. Goti lake likapinduka chini yetu sote wawili. Wapanda mlima waliotukuta njiani ndio waliomsaidia Mzee Gitonga kutufikisha chini.

Nilipopata fahamu nilikuwa kwenye kibanda huko chini, nimefunikwa mablanketi. Mutiso alikuwa akilia kwa maumivu nyuma ya ukuta wa mbao, namsikia. Mzee Gitonga alikuwa kando yangu. Nikamwomba msamaha. Hakupaza sauti. Alisema, "Mimi nilikuuliza mara tisa. Sikuwa nakusalimu, kijana. Nilikuwa nauliza." Akatoka kwenda kumwangalia Mutiso. Wallahi, nimekaripiwa mengi maishani, lakini hakuna lililoniingia kama lile.

Na Mutiso hajanilaumu hata siku moja. Hilo laniuma zaidi. Nikimwuliza habari za goti, hunicheka tu: "Njema, alhamdulillahi." Amejifunza kwetu, mjanja yule!

Haya, ninalotaka ulishike ni hili. Jirani akipita, mgeni akija, jibu salamu kama ulivyofundishwa, usiivunje. Lakini akikuuliza mtu mliye safari moja, awe mkeo, mwenzio wa kazi, daktari, au mimi babako, huyo mpe kweli, hata kama kweli hiyo itaturudisha sote chini. Kurudi chini si kitu, mlima ungalipo pale pale. Mimi nilidhani namwondolea mwenzangu taabu ya siku moja, nikampa ya maisha.

Jana ulirudi kutoka kazini ukavua viatu, nikakuuliza hali, ukasema njema. Chakula hukukigusa. Ni mwezi mzima sasa. Mamako ameniambia nikuache. Sikuachi.

Mungu akupe afya, akufungulie kila zito, akujaalie mwenzi wa kukubeba, na akuepushe na siku ya kubebwa. Amin. Sasa sogea hapa, kahawa ingali moto. Tena sikusalimu, mwanangu, nauliza. U hali gani?